Kirekebisha Mwendo cha Spidomita: Jinsi ya Kukitengeneza na Kukipima Barabarani

Binamu yangu alibadilisha matairi ya Prado yake ya mwaka 1999, akatoka 265/70R16 akaingia 285/75R16. Wiki mbili baadaye akaanza kulalamika kwamba gari limekuwa mlevi: lilikuwa likienda kilomita 7.6 kwa lita, sasa 6.8. Fundi mmoja akamwambia asafishe nozeli, mwingine akamwambia auze gari. Nilipopanda nalo Jumapili moja, simu ikiwa mkononi, nikaona jambo jingine. Safari ambayo simu iliihesabu kuwa kilomita 41.2, gari lilisema ni 38.9. Kumbe nusu ya ule "ulevi" ilikuwa kilomita zilizokuwa zikitembewa bila kuandikwa.

Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko wake unafunika ardhi zaidi, lakini giaboksi halijui hilo. Sensa ya mwendo iliyo kwenye giaboksi inaendelea kutoa mapigo yaleyale ya umeme kwa kila mzunguko, na dashibodi inahesabu kana kwamba matairi ya zamani bado yapo. Kirekebisha mwendo ni kijikebe kinachokaa kati ya sensa na dashibodi: kinapokea mapigo, kinayazidisha kwa kigezo ulichokiweka, kisha kinayapeleka mbele. Vifaa vyake vyote kwa pamoja havifiki bei ya tairi moja kama hilo. Kazi ya kuunganisha ni ya mchana mmoja. Kuchagua kigezo sahihi ndiko kunakotaka akili, na hapo ndipo wengi wanateleza, kwa hiyo nitakaa hapo kuliko kwingine.

Hakikisha kwanza gari lako linafaa

Lala chini ya gari, angalia ubavuni mwa giaboksi, au kwenye transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) kama ni gari la 4x4. Tafuta sensa ndogo yenye plagi, kisha hesabu nyaya. Zikiwa tatu, mwongozo huu ni wako: moja ni ya umeme wa volti 12, moja ni ya hasi, ya tatu inabeba mapigo. Zikiwa mbili, sensa hiyo ni ya sumaku na koili. Mawimbi yake hubadilika nguvu kulingana na mwendo, na mlango wa kuyapokea hujengwa tofauti na huu. Ukikuta kebo nene inayozunguka, spidomita yako ni ya kimakanika na dawa yake ni gia, si elektroniki. Na usipokuta kitu kabisa, huenda gari lako linachukua mwendo kutoka sensa za ABS magurudumuni, habari zikisafiri kama data kati ya kompyuta za gari. Hapo usikate waya wowote.

Sasa chomoa plagi ya sensa, washa swichi bila kuwasha injini, na upime kwa multimita upande wa nyaya zinazotoka kwenye gari. Waya mmoja utaonyesha karibu volti 12. Wa pili ni hasi. Wa tatu ndio wa kuangaliwa: ukionyesha volti 5 au 12, maana yake dashibodi yenyewe ndiyo inayouinua waya huo, na kazi ya sensa ni kuuvuta chini tu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye Prado. Waya huo ukisoma sifuri, utalazimika kuuinua wewe kwa rezista ya kilo-omu 1 kutoka volti 12 kwenye upande wa kutokea wa kijikebe chako. Andika ulichokiona kabla ya kurudisha plagi. Ukifika mezani utakuwa umesahau.

Magari mengi ya Kijapani ya enzi hizo yalifuata kiwango kimoja: mhimili wa spidomita huzunguka mara 637 kwa kilomita, na sensa hutoa mapigo 4 kila mzunguko. Hiyo ni mapigo 2,548 kwa kilomita. Ukienda kilomita 60 kwa saa unamaliza kilomita moja kwa dakika, kwa hiyo mapigo ni kama 42.5 kwa sekunde. Kwenye 100, ni kama 70.8. Shika namba hizo mbili, zitarudi mezani.

Vya kununua

Mimi hununua Luthuli Avenue, Nairobi, na nashauri uende na orodha iliyoandikwa, kwa sababu ukimwambia muuzaji "nataka transista" atakuuliza "ya namba gani, mkubwa?" na foleni nyuma yako haina subira. Orodha yenyewe: bodi ya Arduino Nano (kompyuta ndogo unayoiandikia programu mwenyewe), kirekebisha volti 7805, optokapla PC817 (kijitaa na kipokea mwanga ndani ya kifaa kimoja), transista 2N2222, dayodi moja 1N4007, dayodi ya kinga P6KE20A, rezista za omu 10, omu 100, kilo-omu 1, kilo-omu 2.2, na tatu za kilo-omu 10. Kapasita ya mikrofaradi 100 ya volti 35, moja ya 0.33 na moja ya 0.1, fyuzi ya miliampia 500 na kishikilio chake, kipande cha veroboard, mkebe wa plastiki. Plagi za nyaya tatu, dume na jike, utazipata Kirinyaga Road kwa wauza vipuri. Nunua jozi mbili.

Mzunguko kwa maneno

Umeme wa gari si msafi. Injini ikiwaka, betri inasoma volti 13.8 hadi 14.4, na kila kitu chenye koili kikizimwa hurusha mshindo wa volti nyingi kwenye nyaya. Kwa hiyo usithubutu kuunganisha volti 12 za gari moja kwa moja kwenye Nano. Pitisha hivi: kutoka kwenye waya unaopata umeme swichi ikiwashwa tu, ingia kwenye fyuzi, kisha dayodi ya 1N4007 ili ukikosea chanya na hasi usiunguze kitu, kisha rezista ya omu 10. Baada ya rezista, weka P6KE20A kati ya waya huo na hasi, mstari wake ukielekea upande wa chanya, pamoja na ile kapasita ya 100. Dayodi hiyo hubana mshindo ukabaki chini ya volti 28, na 7805 huvumilia hadi 35. Kapasita ya 0.33 iwe kwenye mguu wa kuingilia wa 7805, ya 0.1 kwenye wa kutokea. Volti 5 zinazotoka ziende kwenye pini ya 5V ya Nano. Joto si tatizo, kwa kuwa mzigo ni miliampia chache.

Mlango wa kuingilia: kutoka volti 12 (baada ya kinga) pitia rezista ya kilo-omu 2.2, ingia chanya ya taa ya ndani ya optokapla, toka hasi yake uende kwenye waya wa mapigo wa sensa. Sensa ikivuta chini, taa inawaka. Upande wa pili wa optokapla, emita iende hasi na kolekta iende pini D8 ya Nano, ikiinuliwa kwa kilo-omu 10 hadi volti 5. Nimechagua D8 makusudi: ndiyo pini ambayo saa ya ndani ya Nano inaweza kunasa nayo wakati kamili wa kila pigo.

Mlango wa kutokea: pini D9, rezista ya kilo-omu 10, besi ya 2N2222. Rezista nyingine ya kilo-omu 10 kutoka besi hadi hasi, ili transista ilale wakati Nano inaamka. Emita hasi. Kolekta, kupitia omu 100, kwenye waya unaokwenda dashibodi. Basi. Transista inaiga kile sensa ilichokuwa ikifanya: inavuta waya chini na kuuachia.

Usiweke poteni, yaani rezista ya kuzungusha, kwa ajili ya kigezo. Nilifanya hivyo kwenye kijikebe changu cha kwanza, na baada ya mwezi mmoja wa mashimo na jua la mchana kigezo kilikuwa kimehama chenyewe. Kiweke kwenye kumbukumbu ya kudumu ya Nano, ukibadilishe kwa kebo ya USB na tarakilishi.

Programu ifanye nini

Njia ya mkato inayomjia kila mtu ni kuhesabu mapigo na kuongeza moja la ziada kila baada ya kumi na kitu. Kilomita zitatoka sawa, lakini mshale utaruka kila pigo la ziada linapoingia. Fanya hivi badala yake.

Pima muda kati ya pigo na pigo kwa mikrosekunde. Chukua wastani wa mapigo manne ya mwisho, si matatu wala matano: sumaku ndani ya sensa ina pande nne ambazo hazijapangwa sawasawa, na ukipima mzunguko mzima kasoro hizo zinafutana. Zidisha wastani huo kwa 1000, gawanya kwa kigezo (1072 ni sawa na kuongeza asilimia 7.2), na huo ndio muda wa kati ya mapigo yanayotoka. D9 iwe juu nusu ya muda huo na chini nusu nyingine. Tumia namba kamili za biti 32, bila desimali. Ukitumia za biti 16 zitafurika gari likienda polepole na mshale utapiga mruko wa ajabu ukiwa kwenye foleni.

Jambo la mwisho la programu ni kusimama. Gari likisimama, mapigo yanakoma, na programu isipojua hilo itaendelea kutoa mwendo wa mwisho milele. Mweleze Nano kwamba pigo lisipofika ndani ya sekunde 0.7, inyamaze. Hiyo ni sawa na mwendo wa kama kilomita 2 kwa saa.

Jaribu mezani kabla ya gari

Usiende kwenye gari na kitu ambacho hakijajaribiwa. Tengeneza sensa ya uongo kwa Nano ya pili na transista: itoe mapigo 42.5 kwa sekunde, kisha 70.8. Lisha mkebe wako volti 12, inua waya wa kutokea kwa rezista ya kilo-omu 1, na upime kwa multimita yenye kipimo cha Hz. Kwa kigezo cha 1072, mapigo 42.5 yatoke karibu 45.6, na 70.8 yatoke karibu 75.9. Ukizima sensa ya uongo, kipimo kishuke hadi sifuri bila kusita. Kisha upulizie mkebe moto wa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika kumi na upime tena. Nyuma ya dashibodi ya gari lililoanikwa juani Embakasi saa saba mchana si mahali pa upole.

Kufunga

Toa hasi ya betri na usubiri dakika kadhaa. Nyaya zilizofunikwa kwa rangi ya manjano chini ya usukani ni za mifuko ya hewa. Usiziguse, usizipime, usifunge mkebe wako juu yake.

Mimi hufunga nyuma ya dashibodi, si kule chini kwenye giaboksi. Ndani ni pakavu na hakuna moto wa ekzosti. Utafute waya wa mapigo kwa multimita: ncha moja kwenye plagi ya sensa, nyingine kwenye plagi ya nyuma ya spidomita, hadi ilie. Usiamini rangi pekee. Ukishaupata, ukate mara moja, na kila ncha uiwekee plagi kwa namna kwamba ukiutoa mkebe, ncha mbili za zamani zinachomekana zenyewe na gari linarudi kama lilivyotoka kiwandani. Siku mkebe utakapokufa uko Mtito Andei usiku, utanishukuru.

Hasi ichukue kutoka waya wa hasi wa spidomita yenyewe. Mara ya kwanza niliifunga kwenye boliti la karibu lililopakwa rangi, na kila nilipowasha indiketa mshale ulicheza nayo, tik tok, tik tok, kama saa ya ukutani. Nilitumia nusu siku nikiilaumu programu.

Kwa gari la otomatiki kuna tahadhari moja. Baadhi ya giaboksi hizo zina sensa yao ya pili na kompyuta hulinganisha hizo mbili. Dashibodi nayo mara nyingi huigawia kompyuta mapigo inayoyapokea. Tofauti ya asilimia 5 au 6 kwa kawaida hupita, lakini taa ikiwaka au gia zikianza kuchelewa, utajua pa kuanzia.

Sasa kigezo

Kuna njia tatu za kukipata, na kwenye Prado ya binamu zilinipa majibu matatu tofauti.

Njia ya kwanza ni chaki. Hesabu ya kwenye karatasi ni rahisi: 265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777.4, na 285/75R16 ina 833.9, ongezeko la asilimia 7.3. Lakini tairi lenye mzigo hukaa chini kidogo, kwa hiyo pima lenyewe. Tulitia upepo sawasawa, tukapiga alama ya chaki kwenye tairi la mbele pale linapogusa sakafu, na nyingine sakafuni. Binamu akashika usukani, vijana wawili wa pale uani wakasukuma, tukahesabu mizunguko mitatu kamili. Mita 7.62. Tairi la akiba lilikuwa bado la ukubwa wa zamani, tukalifunga mahali hapohapo na kurudia: mita 7.11. Kigezo 1.072.

Njia ya pili ni simu na mshale. Asubuhi na mapema, barabara nyoofu na tambarare, mwendo usiobadilika, abiria ndiye asome simu. Kabla ya mkebe, mshale ukiwa 100 simu ilisema 103. Kigezo 1.03.

Njia ya tatu ni kilomita. Tulianzia kituo cha mafuta, tukaingia Southern Bypass, tukageuza na kurudi kituo kilekile. Simu 41.2, gari 38.9. Kigezo 1.059.

Ipi ni ya kweli? Wengi huchukua ya pili, kwa sababu mshale ndio wanaouona. Nadhani hilo ni kosa. Mshale unadanganya makusudi tangu kiwandani. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu spidomita kuonyesha chini ya mwendo halisi, bali inairuhusu kuzidisha hadi sehemu moja ya kumi na kilomita 4 juu yake, kwa hiyo watengenezaji huusukuma mshale juu kidogo ili wawe salama. Kihesabu kilomita hakisukumwi hivyo. Vyote viwili vinalishwa na mapigo yaleyale, nawe una kigezo kimoja tu. Ukiunyoosha mshale hadi ulingane na simu, kilomita zitapungua: kwa 1.03, sevisi ya kilomita 5,000 ungeifanya ukiwa umetembea kama 5,140.

Na mshale uliozidi kidogo ni rafiki. Kanuni za Kenya za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinasema ukizidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Wa kukuweka upande wa onyo ni yule mshale unaotia chumvi.

Chaki nayo si mbaya. Inalirudisha gari kwenye kosa lake la kiwandani. Tuliweka 1072 kwanza, tukarudia safari ileile, gari likasema 41.7 dhidi ya 41.2 za simu. Kigezo kipya ni cha zamani mara 41.2 gawanya kwa 41.7, yaani 1.059, kilekile cha njia ya tatu. Hapo nikajua hatujidanganyi. Sasa simu ikisema 80, mshale unasema 82 na kidogo.

Vya kuzingatia kwenye safari ya kupimia: iwe zaidi ya kilomita 40, kwa kuwa kihesabu cha safari husoma sehemu za kumi tu na safari fupi hubeba kosa kubwa. Matairi yapate moto kwanza. Usipite Mombasa Road chini ya nguzo za Expressway, maana zege lile juu huficha setilaiti na simu huanza kukata kona zake yenyewe. Nenda na kurudi kwa njia ileile. Rudia mara mbili. Majibu yakipishana kwa zaidi ya nusu asilimia, kuna mahali simu ilipotea.

Usifukuze desimali kupita hapo. Tairi likichakaa milimita 7 za kashata (meno yake), kipenyo hupungua milimita 14, na kwa tairi hili hiyo ni asilimia 1.7. Pima tena ukinunua matairi mapya, inatosha.

Matatu, basi au lori lenye kidhibiti mwendo, usiuweke mkebe huu kwenye waya unaokilisha. Kigezo kidogo kingekiambia kidhibiti uongo, na tangu enzi za sheria za Michuki, yule waziri wa uchukuzi wa Kenya, kila mtu barabarani anajua vidhibiti hivyo viliwekwa kwa nini. Wala mkebe huu hauandiki upya kilomita zilizokwisha kusomwa. Unarekebisha zijazo tu. Kwa hiyo bandika karatasi ndani ya kifuniko cha fyuzi: tarehe, kilomita gari lilizosoma siku hiyo, ukubwa wa matairi, na kigezo. Mnunuzi wa kesho ana haki ya kuijua, na fundi atakayekuta mkebe usio na jina nyuma ya dashibodi hataung'oa kwa hasira.

Ya binamu imeandikwa kwa peni ya kudumu. Mafuta yake, tukiyapiga upya kwa kilomita sahihi, ni 7.2 kwa lita. Ile 0.4 iliyopotea ni uzito wa matairi yenyewe, na yanasugua fenda akikata kona hadi mwisho, lakini hayo ameyachagua mwenyewe.